Bibi Mwenye Sauti ya Mvulana

(Hotuba niliyoitoa kwa vijana wa uigizaji na kuingiza sauti. Mvua iliwazuia wengi kufika, wakaniomba niiweke hapa yote. Nimeiacha kama nilivyoisema, hata pale nilipopotea njia.)

Marahaba, wanangu, marahaba. Kaeni. Mlioko nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Sauti ninayo, ila sioni sababu ya kuwapigia kelele.

Nianze na swali. Nani humu ndani hajawahi kumwona Goku, yule wa katuni ya Kijapani ya Dragon Ball? Mnyooshe mkono. Hakuna. Hata mimi mwenye wajukuu namjua: yule mvulana mwenye nywele zilizosimama kama majani ya nanasi, mkia wa nyani, anayemaliza sinia peke yake na bado anauliza kilichobaki jikoni. Haya. Kwa Kijapani, sauti ya mvulana huyo ni ya nani?

Nimesikia mmoja hapo kasema "kijana fulani". Hapana, mwanangu. Ni ya bibi. Bibi wa haki, aliyezaliwa Tokyo tarehe 25 Oktoba 1936. Anaitwa Masako Nozawa. Goku alipoanza kuonekana kwenye televisheni mwaka 1986, mama huyu alikuwa anakaribia miaka 50. Na Oktoba 2024, ulipoanza mfululizo mpya ambamo Goku anarudishwa kuwa mtoto mdogo, aliyemsemea ni yeye yule. Mwezi huohuo alitimiza miaka 88.

Miaka 88! Na kuna mtu hapa ana miaka 22, jana aliniambia sauti imechoka.

Sikuja kumsifia nyota wa mbali. Nimekuja kwa sababu nimeingiza sauti na kuigiza redioni zaidi ya nusu ya maisha yangu, na nilipoanza kufuatilia habari za mama huyu nikaona makosa yangu yote yamepangwa mstari mmoja. Nikasema, bora niwasimulieni nyie kabla hamjayarudia.

Kwanza, alifikaje huko?

Nozawa hakuanza na katuni. Katika ukoo wao kulikuwa na mwigizaji wa filamu, naye akaingizwa kwenye filamu akiwa na miaka mitatu. Vita vikaja, familia ikahamia Gunma, huko milimani. Baadaye akaishia kwenye jukwaa, na jukwaa ndilo alilolipenda. Sasa sikilizeni hapa, maana hapa pana mafunzo ya biashara kuliko ya sanaa. Televisheni ilianza Japani mwaka 1953. Kampuni kubwa za filamu ziliitazama kama mke mwenza aliyeletwa usiku. Mwaka 1956 zikakubaliana: hatuwauzii filamu hao. Basi vituo vya televisheni vikabaki na saa za kujaza na havina cha kuonyesha. Vikafanya nini? Vikanunua tamthilia za Marekani. Lakini Wamarekani wale wanasema Kiingereza, na bibi wa kijijini kule Gunma hakijui. Atawasemea nani? Nyota wa filamu wamefungwa na kampuni zao. Wakaitwa watu wa jukwaa, watu wenye kipaji na njaa.

Na kazi ile ilifanywa mubashara. Kanda za kurekodia zilikuwa ghali, kwa hiyo picha inakwenda hewani na wewe umesimama unaisemea palepale. Ukikohoa, Japani nzima imesikia kikohozi chako. Ukiruka mstari, Mmarekani anapanua mdomo na hakuna kinachotoka.

Je, mle ndani ungemweka mtoto wa miaka tisa? Usiku, mubashara, asome maandishi huku anatazama mdomo wa mtu kwenye skrini? Haiwezekani. Sheria ya kazi nayo haikutaka watoto wafanye kazi usiku. Tena mvulana, hata akiweza, baada ya miaka miwili mitatu sauti inavunjika, umempoteza. Mtu mmoja akawaza: kwa nini tusimpe mwanamke mtu mzima? Nozawa alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa kupewa sauti za wavulana. Na msidhani alikwenda kwa mapenzi. Amesimulia mara nyingi kwamba alitaka fedha ya kuendeshea jukwaa. Yaani kazi iliyompa jina duniani aliifuata kama kibarua.

Nawaambia haya kwa sababu kila wiki napata kijana anayeniuliza, "Mama, nitajuaje kama hii ndiyo ndoto yangu?" Mwanangu, chukua kibarua.

Mwaka 1963 Japani ikaanza kuonyesha katuni yake ya kila wiki ya Astro Boy, yule mtoto wa chuma wa mchoraji Osamu Tezuka, na Nozawa alikuwemo kwenye vijisehemu vidogovidogo. Mwaka 1968 akapewa nafasi kubwa: Kitaro, mvulana wa mizimu mwenye jicho moja, aliyechorwa na Shigeru Mizuki. Picha zenyewe nyeusi na nyeupe. Mwaka 1978 akawa Tetsuro, mtoto anayepanda treni la kwenda kwenye nyota. Katikati hapo wavulana wengine kibao, na wanyama pia. Siwezi kuwataja wote, chai itapoa. Kitaro mshikeni lakini, nitamrudia.

Sasa tuingie studio. Wangapi mmewahi kusimama mbele ya maikrofoni ya kweli? Wachache. Basi fungeni macho kidogo.

Kule Japani, katika kazi za katuni, desturi ni waigizaji kuingia wote pamoja. Chumba kimoja. Mbele kuna skrini, na mbele ya skrini maikrofoni tatu au nne tu. Waigizaji wanaweza kuwa kumi, kumi na tano. Kila mtu ana skripti mkononi. Zamu yako ikikaribia, unanyanyuka, unateleza mpaka kwenye maikrofoni iliyo wazi, unasema, unarudi nyuma kumpisha mwenzako. Bila kukanyaga kwa kishindo. Bila kugongana. Karatasi unaifunua bila mlio. Jicho moja kwenye maandishi, jicho moja kwenye skrini, na mara nyingi picha yenyewe haijamalizika, ni michoro ya penseli tu, au hata mstari wa rangi unaokwambia: sema sasa, nyamaza sasa. Katika hali hiyo unatakiwa ulie kilio cha kweli.

Mimi mara yangu ya kwanza studio niliharibu kazi ya asubuhi nzima, na sikutamka hata neno moja vibaya. Nilivaa kanga. Kanga mpya, wanangu, niliinunua jana yake makusudi kwa ajili ya siku ile, sikuifua, bado ina dondo. Mnaijua dondo? Ule ukavu wa kanga ya dukani. Kila nikivuta pumzi, kwakwaru. Nikigeuka, kwakwaru. Fundi mitambo anauliza, "Nani anakula karanga?" Wote tukatazamana. Tulirudia mara sita kabla mzee mmoja hajanitazama kiunoni. Na bangili nilikuwa nazo nne. Nilizivua huku machozi yananilengalenga.

Kwa hiyo nilipojua namna wale wenzetu wanavyofanya, na mama yule anavyocheza mle ndani kwa mwili wote bila nguo yake kusikika, niliheshimu. Maana Goku hasemi akiwa amekaa. Goku anarukaruka, anapigwa, anabamizwa mlimani, anapiga ule ukelele wa kukusanya nguvu unaoanza chini tumboni na kupanda mpaka unadhani mshipa utapasuka. Sauti ya namna hiyo haitoki kooni. Koo ni mlango tu. Ukipiga ukelele kwa koo, siku ya pili huna sauti, siku ya tatu huna kazi. Mfululizo wa kwanza wa Goku ulikuwa na vipindi 153. Uliofuata, ulioanza 1989 ukaisha 1996, vipindi 291. Hesabuni wenyewe mayowe ni mangapi.

Niwaulizeni kingine. Ukipewa skripti ya tamthilia, kitu gani unafanya kwanza?

"Naisoma yote." Vizuri, ndivyo tulivyofundishwa, na kwa kazi nyingi ni sawa. Lakini Nozawa amesema mara kadhaa kwamba kwa Goku hafanyi hivyo. Kitabu cha katuni kilikuwa kinatoka, nchi nzima inakisoma, yeye hakifungui mbele ya pale walipofika. Sababu yake? Goku mwenyewe hajui kitakachompata kesho. Mimi nikikijua, kitavuja kwenye sauti.

Kitavuja kwenye sauti! Niliposikia hilo nilicheka peke yangu jikoni, kwa kuwa nilikumbuka mchezo mmoja wa redio. Nilikuwa mke wa mvuvi. Ukurasa wa kwanza mume anaaga, anakwenda baharini. Ukurasa wa kumi na mbili dau linarudi bila yeye. Mimi nimeshausoma ukurasa wa kumi na mbili, usiku kucha nimefanya mazoezi ya kulia. Basi asubuhi namwambia mume, "Haya, mume wangu, usisahau kitoweo cha watoto." Mwongozaji akasimamisha. Akasema, "Bibie, mbona umeshafiwa? Mume ndiyo kwanza anavaa shati." Watu walicheka mpaka fundi mitambo akavua vifaa vya masikioni. Ni kweli, nilikuwa nimeshamzika. Nilimpa kitoweo na sanda pamoja.

Sasa sijawaambia kwamba msisome skripti. Atakayekuja kesho hajasoma, atanijua mimi nani. Nawaambia someni, halafu mkifika kwenye maikrofoni muwe na adabu ya kutojua.

Nipumzike kidogo. Maji, tafadhali. Asante, mwanangu.

Turudi. Kuna jambo ambalo wengi hamlijui. Goku alikua. Kwenye hadithi, yule mtoto akawa mwanaume, kifua hiki, mabega haya. Nchi nyingi zilizotia katuni hiyo lugha zao zilibadilisha mwigizaji hapo. Meksiko, kwa mfano, mtoto alisemewa na mwanamke, Laura Torres, na mtu mzima akasemewa na mwanaume, Mario Castañeda. Kwa Kiingereza cha Marekani pia mkubwa kapewa mwanaume. Japani wakamwacha mama yuleyule. Mwanaume wa misuli, sauti ya mwanamke, na watazamaji wakakubali. Kwa nini? Mimi nina jibu langu, mkipenda mlikatae. Walikuwa wameshamzoea Goku kama mtoto wa jirani. Mtoto wa jirani akiota ndevu humwiti jina jingine.

Na mambo hayakuishia hapo. Goku akapata mwana, Gohan. Akamsemea nani? Nozawa. Akapata mwana wa pili, Goten. Nozawa. Akaonyeshwa baba yake Goku, Bardock, mwanaume mkali wa vita. Nozawa tena! Babu, baba na wana wawili, wote koo moja. Ikitokea Goku anaongea na mwanawe, mama anajijibu mwenyewe. Na amesimulia kwamba hapendi kurekodi mmoja kwanza halafu mwingine; akiwaona kwenye skrini anahama papo hapo. Nenda katazame. Gohan ana adabu, mtoto wa shule, mama yake kamlea kwa vitabu. Goku kalelewa porini na babu. Hata neno la kusema "mimi" ni tofauti. Wajapani wana "mimi" nyingi: ya mwanamke, ya mvulana mpole, ya mwanaume jeuri. Goku anatumia "ora", ambayo ni mimi ya shamba, ya mtu asiyejali umemwonaje. Sisi tuna "mimi", tuna "miye", tuna "mie", na ukimsikia mtu anasema "mie" unajua mara moja kakulia wapi. Anayetaka kumwingiza Goku kwenye Kiswahili siku moja aanze na hilo, atafute "mie" yake, kabla hajatafuta mayowe.

Mwaka 2017 Guinness, wale wa rekodi za dunia, wakamwandika kwenye kitabu chao: miaka 23 na siku 218 akimsemea mhusika yuleyule kwenye michezo ya video. Michezo ya video peke yake! Na mwaka 2024 serikali ya Japani ikampa heshima ya mtu mwenye mchango kwa utamaduni. Wameipata wanasayansi, waandishi, waigizaji wa jukwaa. Kutoka kazi yetu hii ya sauti, yeye ndiye wa kwanza.

Lakini mwaka huohuo ulikuwa na misiba. Machi alifariki Akira Toriyama, mchoraji aliyemzaa Goku, ndiye aliyesikiliza kanda za majaribio akasema sauti ni hii. Na mwishoni mwa Septemba akafariki Nobuyo Oyama. Huyu lazima nimtaje, nisipomtaja nitakuwa nimewadhulumu.

Doraemon mnamjua, yule paka wa buluu. Wengi hawajui kwamba alionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1973, kwa miezi michache, na katika miezi hiyo mmoja wa waliomsemea alikuwa Nozawa. Haikushika. Mwaka 1979 akaja upya na sauti ya Oyama, na hapo ndipo Doraemon akawa Doraemon, kwa miaka 26. Sauti ya Oyama ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo. Alipokuwa binti wa shule alijitambulisha darasani, wenzake wakaangua kicheko. Akafunga mdomo. Akawa hasemi shuleni. Mama yake akamwambia, kwa maneno yake, kwamba kilicho dhaifu ukikificha kinazidi kudhoofika. Itumie hiyo sauti kila siku. Binti akajiunga na chama cha matangazo cha shule.

Kilisemwa nini juzi kuhusu binti mmoja wa hapa, kwamba sauti yake ni ya kiume? Sikusema mimi, lakini nilikuwepo na sikukemea. Yupo hapa leo. Mwanangu, nisamehe. Wewe kesho unakuwa wa kwanza kwenye maikrofoni.

Oyama alimwachia mwingine kiti mwaka 2005, na waigizaji wenzake wakuu waliondoka naye pamoja. Hilo nalo ni jambo gumu, watoto wa nchi nzima wanawasha televisheni na paka wao ana sauti ya mgeni. Baada ya miaka michache watoto waliozaliwa nyuma wanamjua huyo mgeni tu.

Nilisema nitamrudia Kitaro. Kwenye hadithi hiyo baba yake alikufa, kikabaki jicho. Jicho lenye kijimwili kidogo, linaishi na mwanawe, linamshauri, na linapenda kuoga maji ya moto ndani ya bakuli la chai. Tangu 1968 jicho hilo lilisemewa na mzee mmoja, Isamu Tanonaka, mpaka alipofariki mwaka 2010. Mwaka 2018, miaka 50 kamili tangu mwanzo, wakatengeneza Kitaro mpya. Mvulana akapewa Miyuki Sawashiro, mwanamke wa kizazi kingine. Na baba, lile jicho ndani ya bakuli? Wakampa Nozawa. Yule aliyekuwa mtoto akiita "Baba!" sasa ndiye baba anayeitwa. Kwa miaka yote ile alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa Tanonaka, anamsikia. Sijui mliomo humu mna umri wa kuelewa hilo. Mimi nilipolisikia nilizima simu, nikakaa barazani mpaka magharibi.

La mwisho, na hili ni la mkate. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, kwa Kiswahili. Mitaa ilitulia. Sasa mniambie jina la aliyemwingizia sauti Doudou.

Naona mnatazamana.

Na hamkumsahau. Hamkuwahi kuambiwa. Japani nao walikuwa hivyo. Mwaka 1973 waigizaji wa sauti waliona wanalipwa kiduchu kuliko wenzao wa mbele ya kamera, wakagoma siku moja, mwezi wa nane, na malipo yakapanda. Mpaka leo wana viwango vilivyoandikwa, mwanafunzi kiasi hiki, mkongwe kiasi hiki, na jina lako linapita kwenye skrini. Siku hizi wanapigania jingine: akili mnemba inayochota sauti ya mtu bila ruhusa na kuiimbisha nyimbo asizoziimba. Waigizaji maarufu wa kule wametoa video mwaka 2024 kulipinga. Nyie mikataba yenu mnaisoma? Imeandikwa sauti yako itatumika wapi, kwa muda gani? Kuna kazi moja niliifanya zamani, nikasaini karatasi mgongoni mwa mtu kwa sababu meza haikuwepo, na baada ya miaka nikasikia sauti yangu inauza sabuni. Senti moja sikuiona. Nani nimlaumu, wakati kalamu niliishika mimi?

Basi, naona sinia la vitumbua limeshapita mlangoni na hamnisikilizi tena. Nendeni mkanywe chai. Tukirudi tunaingia studio, ukurasa wa kwanza mpaka wa nne tu, wa tano sijawapa makusudi. Saa na bangili ziachwe mezani kwa katibu. Na wewe dada mwenye kanga ya kijani, njoo kwanza nikuguse hiyo kanga.